Kabla Wamirihi Hawajateua Chifu

Utangulizi

Chama chetu cha Kiswahili hapa chuoni kina desturi moja ninayoipenda. Kila mwisho wa mwezi mwanachama mmoja huleta kazi ya sanaa ya lugha yoyote, tunaisikiliza au kuitazama pamoja, kisha tunaijadili kwa Kiswahili peke yake. Atakayeteleza akaingiza Kiingereza au Kiganda hutozwa chai ya wote. Muhula uliopita zamu ilikuwa yangu. Nilileta mchezo wa redio uliorushwa Marekani usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, unaosimulia jinsi viumbe kutoka sayari ya Mirihi walivyoivamia dunia. Umeme ulikatika tukiwa katikati, tukamalizia kwa simu iliyotumbukizwa ndani ya kikombe ili sauti yake ikue.

Mchezo ulipokwisha nilitoa hoja niliyokuwa nimeiandaa tangu wiki iliyotangulia. Nilisema kwamba mchezo huu, ingawa ni wa Wamarekani, ni hadithi yetu sisi Wanyoro: watu waliokuwa wakiishi kwao, wakajiwa na wageni wenye silaha wasizozijua, wakapigwa, nchi yao ikakaliwa. Nilizaliwa Hoima, karibu na Mparo alipozikwa Omukama Kabalega, kwa hiyo nilizungumza kwa uchungu kidogo. Nilipomaliza, rafiki yangu mmoja, Muganda kutoka Masaka, akaniuliza kwa upole, "Basi katika hadithi yako, sisi Waganda ndio Wamirihi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu. Nitaueleza kwanza mchezo wenyewe na chimbuko lake, kisha nitaulinganisha na historia ya kukaliwa kwa Bunyoro kati ya 1893 na 1907. Hoja yangu sasa si ile niliyoitoa jioni ile. Ninaona kwamba mchezo huu unajua sana habari za uvamizi, lakini haujui karibu chochote kuhusu ukaliaji wa nchi, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayoamua upinzani huwa wa namna gani.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo ulirushwa na shirika la CBS katika kipindi kilichoitwa The Mercury Theatre on the Air. Kiongozi wake alikuwa Orson Welles, kijana wa miaka 23, na mwandishi wa mswada alikuwa Howard Koch. Waliichukua riwaya ya Mwingereza H. G. Wells, The War of the Worlds, wakaihamisha kutoka vijiji vya kusini mwa Uingereza hadi jimbo la New Jersey.

Ufundi wao ulikuwa katika kuigiza redio ndani ya redio. Msikilizaji anasikia muziki wa dansi kutoka hotelini. Muziki unakatizwa na taarifa fupi kwamba milipuko imeonekana katika sayari ya Mirihi. Muziki unarudi, unakatizwa tena. Kitu kimeanguka katika shamba la mkulima huko Grover's Mill. Mtangazaji anafika, anaeleza anachokiona, kisha mwale wa joto unawashwa, sauti yake inakatika, na kwa muda mfupi hakuna kinachosikika. Ukimya ule, hata kwenye simu yetu ndani ya kikombe, ulitufanya sote tutazamane. Inafahamika kwamba mwigizaji aliyekuwa mtangazaji yule alijiandaa kwa kusikiliza rekodi ya mwandishi wa habari aliyeshuhudia ndege kubwa ya Hindenburg ikiteketea mwezi Mei 1937.

Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Watu 7,000 wenye bunduki wanapambana na mashine moja tu ya Wamirihi, na wanaobaki hai ni 120. Kikosi cha mizinga kinafunikwa na moshi wa sumu. Ndege za kivita zinaangushwa. Mtangazaji wa mwisho anasimama juu ya paa la jengo jijini New York, anaeleza moshi unavyokuja mtaa kwa mtaa, mpaka naye anaanguka. Sauti ya mtu mmoja inaita hewani ikiuliza kama kuna yeyote anayesikia.

Yote hayo yanachukua kama dakika 40. Sehemu iliyobaki ni ya utulivu zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo watu wengi wasiyoikumbuka. Profesa Pierson, mtaalamu wa nyota, anatembea peke yake katika nchi iliyoshindwa. Anakutana na mtu asiye na jina aliyewahi kuwa askari wa akiba. Mtu huyu ana mpango: watu wachache wenye nguvu waishi chini ya ardhi, wajifunze, wasubiri, siku moja waziteke mashine za Wamirihi na kuzigeuza silaha dhidi yao, na hata dhidi ya binadamu wengine, ili wao wachache waitawale dunia. Profesa anamwacha na kwenda zake. Anapofika New York anawakuta Wamirihi wamekufa wote. Wameuawa na bakteria, vijidudu ambavyo miili yao haikuwa na kinga dhidi yake.

Kuhusu hofu iliyowapata wasikilizaji, wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Marekani nzima ilikimbia mitaani. Ukweli ni mdogo kuliko simulizi hilo. Wapo waliotishika kweli, na mtafiti Hadley Cantril wa Princeton aliandika kitabu juu yao mwaka 1940. Lakini usiku ule wasikilizaji wengi walikuwa katika kipindi kingine cha vichekesho, na magazeti, ambayo yalikuwa yakinyang'anywa matangazo ya biashara na redio, yalipata sababu nzuri ya kuikuza habari hiyo. Maafa makubwa zaidi yalitokea kwingine. Februari 1949 kituo kimoja cha redio mjini Quito, Ekuado, kiliurusha mchezo kama huo kwa Kihispania, na watu walipogundua wamedanganywa walilichoma moto jengo la kituo. Watu kadhaa walikufa.

Jambo la kuzingatia ni kile waliotishika walichokiogopa. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Ulaya ilikuwa karibu kuingia vitani kwa ajili ya Chekoslovakia, na redio za Marekani zilikuwa zikikatiza vipindi kila mara kutoa taarifa. Baadhi ya wasikilizaji hawakusikia hata neno Mirihi. Walidhani ni Wajerumani. Kila jamii huweka sura ya adui wake katika kiumbe asiye na sura.

Hadithi iliyozaliwa katika zama za makoloni

Wells alipoandika riwaya yake hakuwa akifikiria Wajerumani. Katika sura ya kwanza anawaambia wasomaji wake Waingereza kwamba, kabla ya kuwahukumu Wamirihi, wakumbuke jinsi wahamiaji kutoka Ulaya walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania katika muda wa miaka 50. Wazo lenyewe alilipata kwa kaka yake Frank, na ndiye aliyemtabaruku kitabu. Kwa maneno mengine, riwaya iliuliza swali moja: ingekuwaje sisi wenye dola tungetendewa yale tunayowatendea wengine?

Riwaya ilianza kutoka kwa sehemu katika jarida la Pearson's mwezi Aprili 1897, ikaendelea hadi Desemba. Msomaji wa Uganda hawezi kuusoma mwaka huo bila kushtuka. Julai 1897 Kabaka Mwanga aliukimbia mji wake mkuu akaanzisha vita dhidi ya Waingereza. Mwezi Septemba askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Kiingereza hapa Uganda waliasi. Huko Bunyoro, Omukama Kabalega alikuwa katika mwaka wake wa nne wa vita vya msituni. Msomaji wa London alipokuwa akisubiri jarida lijalo ili ajue kama binadamu watashinda, kulikuwa na watu halisi waliokuwa wakiliishi swali lile lile, na mwale wao wa joto uliitwa bunduki ya Maxim.

Mchezo wa 1938 uliyafuta yote haya. Maneno ya utangulizi wa riwaya yamo, lakini habari za Tasmania hazimo. Badala yake tunaambiwa kwamba biashara ilikuwa imeanza kuwa nzuri na hofu ya vita imepungua. Sidhani kwamba Koch na Welles walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na saa moja tu, na kwa msikilizaji wao Tasmania ilikuwa mbali. Hata hivyo, kilichoondolewa ni kioo. Msikilizaji aliachiwa hofu bila kuulizwa inatoka wapi.

Wala haikuhitajika kwenda mpaka Tasmania. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, na ndege zake zikawamwagia watu gesi ya sumu kutoka angani. Addis Ababa ilianguka mwezi Mei 1936. Usiku ule Wamarekani walipokuwa wakisikiliza moshi wa kubuni ukiingia New York, wazalendo wa Ethiopia walikuwa bado milimani wakipigana na wavamizi ambao gesi yao haikuwa ya kubuni. Waliendelea hadi 1941, Mfalme Haile Selassie aliporudi katika mji wake mkuu.

Swali la bibi

Likizo ilipofika nilikwenda Hoima kumwona bibi yangu. Usiku, tukiwa jikoni, nilimsimulia mchezo wote kwa Kinyoro. Alisikiliza vizuri. Nilipofika mahali ambapo mashine zinavuka mto kuingia jijini aliacha kumenya viazi. Nilipomaliza aliniita kwa empaako yangu, kama anavyofanya akiwa na jambo la maana, akauliza, "Akiiki, hao watu wa nyota, nani alikuwa akiwatafsiria?"

Nikamwambia hapakuwa na mtafsiri. Wamirihi hawakusema na mtu.

"Basi walikuwa hawajakaa," akasema, akaendelea na viazi vyake.

Nimelifikiria neno hilo kuliko vitabu vingi nilivyosoma muhula huu. Wamirihi wa redioni wanaua, wanachoma, wanakanyaga. Lakini hawatozi kodi. Hawamwiti mtu yeyote barazani. Hawagawi mashamba kwa waliowasaidia. Hawajengi shule ya kufundishia watoto lugha yao. Hawamwondoi chifu mmoja ili kumweka mwingine. Uvamizi wao ni wa siku chache, na mchezo unaisha kabla hawajateua chifu. Historia ya ukoloni katika nchi zetu inaanzia pale mchezo unapoishia.

Kuna nukta moja tu ambapo mchezo unaugusa ukweli huu. Yule askari asiye na jina anamwambia profesa kwamba Wamirihi watawafuga baadhi ya binadamu, na wengine huenda wakawafunza kuwawinda binadamu wenzao. Profesa anakataa, anaona haiwezekani. Askari anashikilia kwamba wapo watakaoifanya kazi hiyo kwa furaha. Mazungumzo yanaendelea na jambo hilo halitajwi tena. Kwangu mimi hapo ndipo penye mlango, na mchezo unapita mbele yake bila kuufungua.

Bunyoro: walioshindwa na waliokataa

Tuufungue basi. Mwishoni mwa 1893 Kanali Henry Colvile alikusanya jeshi Kampala kwenda kumpiga Kabalega. Waingereza katika jeshi hilo walihesabika kwa vidole. Askari wa kulipwa walikuwa Wasudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambalo Lugard alilichukua mwaka 1891. Wengi kuliko wote walikuwa Waganda, maelfu kwa maelfu, chini ya Semei Kakungulu. Walipofika Bunyoro Januari 1894, Kabalega alikuwa ameuacha mji wake na kuingia msitu wa Budongo.

Vita vilivyofuata havikuwa vya mashine moja dhidi ya watu 7,000. Kabalega alikuwa na jeshi la kudumu, Abarusura, lenye bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu, tena kwa miaka mingi lilikuwa limezoea vita. Hapa lazima niseme ukweli ambao sikuutaja jioni ile chuoni. Abarusura hao hao walikuwa wamekwisha kuwavamia majirani. Toro ilikuwa imejitenga na Bunyoro, na Kabalega aliirudisha kwa nguvu. Lugard alipomsimika Kasagama kule Toro mwaka 1891, wapo Watoro waliofurahi. Ukiwauliza wazee wa Fort Portal nani alikuwa Mmirihi wao, huenda wasimtaje Mwingereza kwanza.

Kabalega alipigana miaka mitano. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa katika nchi ya Lango pamoja na Mwanga, adui wa jana aliyekuwa sasa mwenzake. Alipigwa risasi mkononi, mkono ukakatwa. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akiwa mzee, akafia Jinja njiani mwezi Aprili. Hakufika Bunyoro akiwa hai.

Kwa mtindo wa mchezo wa redio hadithi ingekuwa imekwisha. Kwa hesabu ya bibi yangu, sasa ndipo wageni walipokaa. Sehemu za kusini na mashariki za Bunyoro zilitolewa kwa Buganda, na Mkataba wa Buganda wa 1900 ukalithibitisha jambo hilo. Katika Bunyoro iliyobaki, Waingereza waliwaleta Waganda kuwa machifu na kuwafundisha Wanyoro utawala mpya. Aliyejulikana zaidi ni James Miti. Kiganda kikawa lugha ya ofisi, ya kanisa na ya shule. Mnyoro mwenye kesi alikwenda mbele ya Muganda, akajieleza kwa Kiganda, na Muganda ndiye aliyempelekea Mwingereza habari zake. Huyo ndiye mtafsiri ambaye bibi alimtafuta katika mchezo asimwone.

Mwaka 1907 Wanyoro walikataa. Tukio hilo linaitwa Nyangire Abaganda, yaani "nimewakataa Waganda". Machifu wa Kinyoro na watu wao waliacha kuwatii machifu wa Kiganda, wakawataka waondoke, na hao wakakimbilia Hoima. Hakukutangazwa vita, wala jeshi halikuundwa. Silaha ilikuwa neno moja, nyangire, nimekataa. Waingereza walidai Waganda wapokewe tena katika vituo vyao. Wanyoro wakashikilia msimamo wao. Mwezi Mei machifu zaidi ya 50 walikamatwa. Baadhi yao walihamishwa nchini mwao, wengine walivuliwa vyeo. Ukitazama juu juu walishindwa. Lakini baada ya hapo Waingereza hawakuwa na hamu tena ya kuleta machifu wapya wa Kiganda Bunyoro, na walioko wakapungua kidogo kidogo.

Ninaona mambo mawili hapa ambayo mchezo wa redio haukuweza kuyafikiria. La kwanza, upinzani wenye nguvu haukuwa ule wa kuziteka mashine. Yule askari asiye na jina alitaka silaha ya adui ili awe adui mpya, na ndiyo maana profesa alimwacha. Machifu wa 1907 hawakutaka kumtawala mtu. Walitaka tu utawala ule ushindwe kufanya kazi bila wao, na kwa wiki kadhaa ulishindwa. Mwale wa joto hauhitaji ridhaa ya anayechomwa, lakini kodi, baraza, barabara na shule havifanyiki kama wote wamekataa. Kwa hiyo ukaliaji una udhaifu ambao uvamizi hauna.

La pili ni chungu zaidi. Waliokataliwa walikuwa majirani. Mwingereza aliyefaidika alibaki ofisini, na hasira yote ikatua juu ya Muganda aliyeonekana kila siku. Hilo halikuwa kosa la bahati. Kumtawala Mnyoro kwa mkono wa Muganda kulikuwa na faida ya fedha, na kulikuwa na faida nyingine pia: mkono ndio unaochukiwa. Pale walipowafunga machifu waliokataa, Waingereza walionyesha mkono ule ulikuwa wa nani, lakini kwa watu wa kawaida jina lililobaki mdomoni lilikuwa Abaganda.

Vijidudu vilikuwa upande gani?

Kabla sijahitimisha nataka kurudi kwenye mwisho wa mchezo, kwa sababu wenzangu wengi waliupenda. Wamirihi wanauawa na vijidudu. Dunia yenyewe inawatetea watu wake. Ni mwisho wenye faraja, lakini kwa msomaji wa historia ya Afrika Mashariki unasikika kinyume.

Ni kweli kwamba kwa karne nyingi malaria iliwazuia Wazungu kuingia bara. Kwinini ilipoanza kutumika sana katika karne ya 19, mlango huo ulifunguka. Na wakati wa uvamizi wenyewe magonjwa yalikuwa upande wa mvamizi. Sotoka ilifika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaua ng'ombe, na jamii za wafugaji zikabaki bila maziwa, bila mahari, bila nguvu. Ndui ilifuata njia za majeshi. Kuanzia 1900 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria. Katika Bunyoro vita viliacha mashamba bila watu. Vichaka vikaota, wanyama wakarudi, na mbung'o pamoja nao. Watu wa kaskazini mwa Bunyoro walihamishwa kwa sababu ya malale, nchi yao ikafanywa pori la akiba. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya eneo hilo ikawa hifadhi ya taifa ya Murchison Falls. Mtalii anayepiga picha ya tembo pale hajui kwamba huenda tembo yule amesimama katika shamba la mtama la mtu.

Katika mchezo, profesa anaona ndege wakila maiti za Wamirihi na anajua amepona. Sisi hatukupewa vijidudu vya kutupigania. Kilichobaki ni watu, barua zao, na ukaidi wao. Majimbo yaliyochukuliwa mwaka 1894 yalidaiwa kwa maombi, kwa kamati za Wanyoro wa Mubende, kwa ujumbe hadi London. Tarehe 4 Novemba 1964, baada ya miaka 70, watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura wakachagua kurudi Bunyoro. Ni mwisho usiofaa redioni, kwa maana hauna mlipuko. Mtu anaweka alama katika karatasi na kwenda nyumbani.

Hitimisho

Nilimpelekea rafiki yangu wa Masaka rasimu ya makala hii kabla ya kuikabidhi, kwa sababu yeye ndiye aliyeidai. Jibu langu kwake ni hili: hapana, ninyi si Wamirihi, na nilikosea kuuleta mchezo ule kana kwamba unatosha kuieleza historia yetu. Mmirihi hana mama, hana shamba, hana chifu anayemwogopa. Askari wa Kakungulu walikuwa navyo vyote. Walikwenda Bunyoro kwa sababu za kwao: chuki ya zamani kati ya falme mbili, ahadi ya ardhi, amri ya machifu wao, nchi iliyotoka katika vita vya dini na kumtegemea Mwingereza. Yule askari wa mchezoni alidhani wawindaji wa watu hufanya kazi kwa furaha. Nadhani wengi wao hufanya kwa hesabu, na hesabu hiyo inaweza kuchunguzwa, kulaumiwa, hata kusamehewa. Kiumbe wa sayari nyingine hawezi kulaumiwa wala kusamehewa. Ndiyo hatari ya kumwita jirani Mmirihi: tunajinyima nafasi ya kumdai chochote.

Aliirudisha rasimu na maoni mawili. La kwanza, nimeandika "chuki ya zamani" kama kwamba ilikuwa upande mmoja. Amenitaka nisome habari za mashambulizi ya Bunyoro nchini Buganda, nami nimeahidi. La pili, ameuliza kwa nini tunazungumza haya kwa Kiswahili tu, chamani, na hatujawahi kuyazungumza bwenini. Nimelifikiria. Kwa Kiganda ningejihisi niko mbele ya baraza la mwaka 1905. Kwa Kinyoro yeye hangenielewa. Kiingereza nacho kina mwenyewe. Kiswahili pia hakina mikono safi katika Uganda. Wazazi wetu wanakikumbuka vinywani mwa askari. Lakini baina yangu na yeye hakuna anayekimiliki, kwa hiyo sote tunakosea ngeli sawasawa na tunasikilizana.

Tumekubaliana kuandika mchezo wetu wa redio kwa ajili ya chama, wa nusu saa. Utaanzia siku ambayo wavamizi wamekwisha kushinda na mtu wa kwanza anaitwa barazani kupewa cheo. Yeye anataka kuigiza mtafsiri. Tumekwama katika mandhari ya pili, pale mtafsiri anapopaswa kulifasiri neno nyangire mbele ya mkubwa wake, kwa sababu bado hatujakubaliana kama atalifasiri kwa uaminifu.